Dona peke yake haishushi sukari

Dada, umeuliza kwa nini sukari ya damu ya mama mwenye kisukari inafika 14 (mmol/L) saa mbili baada ya chakula, ilhali anakula dona. Dona nayo ni wanga. Tatizo ni kiasi anachokula. Ugali usizidi ngumi yake. Nusu ya sahani ijae mchicha au matembele, robo iwe samaki au maharage (maharage nayo yana wanga). Juisi aache, hata ya kukamua nyumbani. Ale chungwa zima.

Ila kama anatumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), msipunguze ugali ghafla kabla daktari hajarekebisha dozi, sukari isije ikashuka mno. Akitetemeka na kutoka jasho, mpimeni haraka: ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15.