Jibu kwa dada aliyeachwa na watoto wawili na hana hela ya wakili

Dada yangu, pole sana. Nimesoma swali lako mara mbili. Umeishi naye miaka 6 bila kufunga ndoa, mna watoto wawili, amehama tangu Januari, simu hapokei, na majirani wameshakukatisha tamaa kwamba bila cheti cha ndoa huna kesi, na kwamba wakili wa bure ni wa jina tu. Wamekudanganya yote mawili. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata hapa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa tisa, na wanaonigongea mlango wengi wana habari kama yako.

Nianze na hilo la ndoa maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Matunzo ya mtoto hayasubiri cheti cha ndoa cha wazazi wake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana mzazi kwa sababu ni mzazi, basi. Waliotutangulia kwenye kazi hii wanaikumbuka sheria ya zamani, ambayo mtoto wa nje ya ndoa alipangiwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, dada! Ile ilifutwa. Leo hakimu anaangalia kipato cha baba na cha mama, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapokaa.

Na wewe mwenyewe sheria haijakusahau. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, wanadhaniwa wameoana. Anaweza kuipinga dhana hiyo, lakini hata akishinda hapo, kifungu hichohicho kinakuachia mlango wa kuomba matunzo yako na ya watoto. Kama mlijenga, usije ukasema mbele za watu kwamba hukuchangia kitu kwa kuwa hukuwa na mshahara. Tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango.

Sasa huyo wakili wa bure. Sisi wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Naweza kukushauri, kukuandalia barua, kukusindikiza ustawi wa jamii. Kusimama mahakamani kama wakili wako siruhusiwi, hivyo shauri likifika huko nalikabidhi kwa mawakili wa mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mtu akikuambia anatoa msaada wa kisheria halafu akadai hata elfu kumi ya fomu, ondoka. Utakachotafuta wewe ni nauli na hela ya kutoa kopi, na hizo nazo najua si ndogo kwa mtu anayelea peke yake.

Ngoja nikusimulie shauri moja. Mama mmoja wa genge alinijia amewaka, anataka baba wa watoto wake afungwe. Nikampeleka kwa wakili wa kujitolea, binti mdogo tu kwa umri. Hakumuuliza lolote kuhusu yule baba. Alimuuliza, "Mama, jana watoto walikula nini?" Yule mama akatoa daftari lake la mikopo ya wateja, akaligeuza nyuma. Kumbe kila alichokichukua gengeni kwa ajili ya wanawe alikuwa anakiandika, ili asile mtaji bila kujua. Dagaa 500. Maharage nusu. Sabuni kipande. Panadol. Daftari la hesabu. Miezi 14, na tarehe zote zipo, nyingine zimelowa mafuta ya taa.

Mahakama ya Watoto husikiliza faraghani, kwa hiyo mimi nilikaa benchi la nje. Ya ndani nilisimuliwa baadaye. Baba alisema hana kipato cha uhakika. Ana bodaboda mbili, kawapa vijana. Wakili hakubishana naye. Alimuuliza kila kijana analeta hesabu ya shilingi ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa wiki. Akajibu mwenyewe, na hakimu akajumlisha. Amri ikatoka alipe kila Jumapili kwa simu, kwa sababu hesabu za vijana ndipo zinapofungwa. Mwezi wa tatu alianza kukwepa, tukarudi mahakamani, akalipa. Mimi naamini lile daftari ndilo lililoshinda.

Nikuambie na nilipokosea, maana linaniuma hadi leo. Mama mwingine alikuwa anadai talaka na mgawanyo wa mali. Huko lazima upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ukatoke na hati inayosema usuluhishi umeshindikana, na hati hiyo isiwe imepita miezi 6 unapofungua shauri. Yake ilikuwa imepitiliza. Niliangalia muhuri, sikuangalia tarehe. Shauri likaondolewa, akaanza upya, na nauli ya safari zote zile alikuwa amekopa. Ukipita njia hiyo, tarehe isome mwenyewe kwa sauti.

Kwako wewe, anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atamwandikia wito. Wapo wanaume wanaokubaliana palepale, na wakisaini ni jambo jema, ila akija kukata simu tena makubaliano hayo hayana meno mpaka yafike mahakamani. Akikana watoto, usihangaike kutafuta kipimo cha DNA mwenyewe. Kinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na huko unaenda na barua ya ustawi, ya wakili au ya mahakama. Na vitisho vyake vya kukunyang'anya watoto visikutoe jasho: kwa aliye chini ya miaka 7, sheria inaanzia kwenye dhana kwamba ni heri akae na mama, na anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuonyesha vinginevyo.

Niandikie inboksi uko wilaya gani, nikuelekeze kwa mtu wa karibu. Usiku huu tafuta bahasha. Weka vyeti vya kuzaliwa, risiti za shule, meseji zake ulizopiga picha, na kadi za kliniki za watoto wote wawili. Kama jina la baba lilijazwa kwenye kadi siku mlipokwenda naye, hiyo itangulie juu.