Mkulima kaleta korosho mara tatu, kalipwa mara moja, shiti inasema "Amelipwa" zote

SWALI: Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) wilayani Tandahimba. Nina shiti tatu za Excel: Wakulima, Mapokezi na Malipo. Natafuta namba ya mkulima kwa VLOOKUP ili kila mzigo upate hali yake, na asiyeonekana IFERROR inamwandika "Anasubiri". Kuna mama ameleta korosho mara tatu, amelipwa mzigo mmoja, lakini yote mitatu inasoma "Amelipwa". Nakosea wapi, mtaalamu?

JIBU: Ndugu karani, VLOOKUP ikishaikuta namba ya mama huyo mara ya kwanza kwenye Malipo, inaishia hapo. Haijui mzigo upi umelipwa. Mzigo mmoja huweza kuuzwa mnada huu na mwingine ukangoja mnada ujao, kwa hiyo hali ni ya mzigo, si ya mtu. Tafuta kwa namba ya risiti ya mapokezi, maana hiyo haijirudii. Kama Malipo haina kolamu ya risiti, iongeze kwanza. Bila hiyo hakuna fomula itakayokusaidia. Wala usijaribu kulinganisha kiasi kilichoingia na kilo mara bei, kwani makato yatakuvuruga.

Tuseme kwenye Mapokezi risiti iko kolamu A na namba ya mkulima B. Kwenye Malipo risiti iko A. Kwenye Wakulima namba iko A na akaunti ya benki C. Andika hivi mstari wa pili wa Mapokezi, kwenye kolamu ya hali, kisha uburute hadi chini:

=IF(ISNA(MATCH(B2,Wakulima!A:A,0)),"Hakiki namba",IF(ISNUMBER(MATCH(A2,Malipo!A:A,0)),"Amelipwa",IF(VLOOKUP(B2,Wakulima!A:C,3,FALSE)="","Hana akaunti","Anasubiri")))

Mpangilio huo nimeuchagua kwa makusudi. IFERROR yako ilimwita "Anasubiri" hata mtu ambaye namba yake imekosewa tu kuandikwa, naye angeweza kusubiri msimu mzima bila mtu kujua kuna tatizo. Ndiyo maana "Hakiki namba" inatangulia hata "Amelipwa": fedha iliyokwenda kwenye namba isiyo kwenye daftari la wakulima lazima ionekane mapema. "Hana akaunti" nayo itenge, kwa sababu huyo unaweza kumpigia simu leo.

Ile FALSE usiiache. Ukiiacha, Excel hutafuta kinachokaribiana, na jirani anaweza kupewa akaunti ya jirani.

"Hakiki namba" zikijaa kupita kiasi, au mizigo unayojua imelipwa ikisoma "Anasubiri", tazama namba zilivyoandikwa kwenye shiti mbili zinazolinganishwa: Mapokezi na Wakulima, au Mapokezi na Malipo. Mara nyingi upande mmoja namba ni maandishi, zimeegemea kushoto, na upande wa pili ni tarakimu. Machoni zinafanana, lakini MATCH haizilinganishi. Zigeuze kwa VALUE, na nafasi za ziada zifute kwa TRIM. Ila kama namba zenu zinaanza na sifuri, fanya kinyume: weka pande zote mbili kuwa maandishi, la sivyo sifuri zitapotea.