Roboti haimwondoi mfamasia
Je, roboti ya duka la dawa ndiyo inayoamua dozi? Hapana: mfamasia huidhinisha agizo la daktari kwenye kompyuta kwanza, ndipo mashine huitambua dawa kwa msimbopau wake (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine) na kuifunga katika kipakiti chenye jina la mgonjwa. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambako mfumo kama huo ulitangazwa mwaka 2011, dozi 350,000 za mwanzo ziliripotiwa kuandaliwa bila kosa. Hata hivyo, mtu akiijaza mashine dawa isiyo sahihi, kosa hilo nalo litafungwa vizuri. Mimi hapa Nairobi bado nahesabu vidonge vitano vitano juu ya sinia, na nikifika mia mbili macho huanza kunidanganya.