Mafunzo kwa makonda kuhusu watoto wanaosafirishwa kwenda kutumikishwa: usianze na sheria

Mkuu umesema mmepewa nusu siku kuwafundisha makonda, wakata tiketi na bodaboda wa stendi kutambua watoto wanaosafirishwa kwenda kutumikishwa, na unataka kuanza na sheria. Mi nimesimama mlangoni mwa basi la Mwanza–Dar miaka 11 na mafunzo ya hivyo nimekaa mara mbili, so naongea kama mwanafunzi.

Mara ya kwanza walikuja na projekta, wakatusomea Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu kifungu kwa kifungu, afu slaidi ina picha ya mtoto kafungwa minyororo. Jamani, nani kapakia mtoto wa minyororo kwenye basi? Wanaopanda kwangu wanacheka, wamesukwa nywele jana yake, wamenunuliwa soda, ndo mara yao ya kwanza kwenda Dar. Tulisaini posho tukaondoka.

Mara ya pili alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii, hana hata laptopu. Akauliza tu, nani hapa kashawahi kubeba mtu mzima na mabinti ambao moyo ulimwambia sio wake? Kimya. Mzee mmoja mpiga debe akanyoosha mkono, baada ya hapo karibu wote. Mi nikakumbuka safari moja ya mwezi wa kumi, darasa la saba wameshamaliza mtihani, pale Singida akapanda mama na mabinti watatu, anasema wanangu, ila wenyewe wanaongea Kinyaturu na yeye hajibu hata neno, wote watatu wana kibegi kimoja, na kila nikimuuliza binti swali anajibu yeye. Akanipa elfu 10 ya soda nikapokea. Nikawashusha Ubungo, stendi ilikuwa bado iko pale, na sijui wako wapi mpaka leo.

Kwaiyo waache waseme wao kwanza, dalili wanazo kichwani kuliko wewe. Kazi yako ni kuwasaidia kutofautisha, maana kwetu kulelewa na ndugu ni kawaida, hata mi nimesomea kwa mjomba. Dalili moja haitoshi, angalia zikirundikana. Na maswali yawe ya stori za safarini tu: unaenda kwa nani, huyo mama mdogo anaitwa nani, utaanza shule gani? Mtoto anayeenda kwa shangazi yake anamjua shangazi. Anayepelekwa kuwa beki tatu utasikia "kwa mama fulani, nitaelekezwa nikifika". Usimhoji kama polisi, na usimuulize mbele ya aliyemleta.

Hili lisisitize sana: konda asipige kelele "mwizi wa watoto" stendi. Unajua wananchi wenye hasira, wataua mtu, na huenda mtu mwenyewe kweli ni shangazi.

Sasa kuripoti, hapa ndo mafunzo mengi yanafia. 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna afisa ustawi, haya yote sawa. Ila sisi mara ya kwanza tulipewa namba ya ofisi inayofungwa saa 9 na nusu alasiri, basi letu linaingia saa 4 usiku! Wapigie simu palepale ukumbini wote wasikie nani anapokea. Uliza kabisa huyo mtoto usiku huo analala wapi, maana konda akisikia mara moja kwamba alilazwa kwenye benchi la kituo hatapiga tena.

Na mwite tajiri wa basi au meneja wake, sio makonda peke yao. Mi nilishapiga simu kuhusu mama mwingine na mabinti tukiwa tunakaribia Dodoma, akaja askari wa kike kavaa kiraia, akaongea nao pembeni kwa upole, dakika 40. Abiria walinitukana matusi yote. Ikaonekana mabinti ni wa dada yake kweli, hadi barua ya mtendaji wa kijiji anayo, akanuna mpaka Morogoro. Tajiri alitaka kunikata hela ya siku ile, dereva ndo akanitetea.

Sheria weka robo saa ya mwisho, mambo mawili tu: mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na "mzazi wake amekubali" au "mwenyewe kataka" sio utetezi. Hilo la pili watakubishia sana, jiandae. Halafu usiweke mafunzo asubuhi, mabasi ya mikoani yanatoka alfajiri, utabaki na wakata tiketi na mama ntilie (na mama ntilie usiwaache, wanaona kuliko sisi).