Mkuku wenye kutu kwenye mashua ya trela: kabla ya rangi, kagua pini na waya

Mkuu, umesema mkuku wa mashua yako, lile bapa zito la chini linaloizuia isipinduke, unabanduka maganda ya kahawia, rangi ya msimu uliopita imefura malengelenge, na sasa unafikiria dawa ya kugeuza kutu. Umeuliza pia kama mkuku ndio umekwisha. Mashua yangu ni ya jamii hiyohiyo: mkuku wa chuma cha kusubu, unapandishwa na kushushwa kwa winchi, na chombo chote kinakaa juu ya trela. Kazi hii naifanya mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua kwa mikono.

Haujakwisha. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, hivyo ganda la milimita 3 halina maana umepoteza milimita 3 za mkuku. Chuma kinene namna ile kinaweza kumwaga maganda miaka mingi na uzito wake ukabaki karibu uleule. Ubaya wa ganda ni kwamba linajaa ndani ya kasha, yaani nafasi ya ndani ya mashua ambamo mkuku huingia ukipandishwa, mkuku unabanwa juu, halafu siku upepo umekolea na unauhitaji ushuke, haushuki.

Wengi wanakimbilia rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi ningeanza na pini ya egemeo, ile ambayo mkuku huzungukia ukipanda na kushuka, na waya wa kuinulia. Mkuku wa Catalina 22, aina ya mashua ndogo ya tanga, kwa mfano, una kilo 250 hivi, na mzigo huo wote unaning'inia kwenye vitu hivyo viwili. Pini ya stenlesi ikikaa ndani ya chuma cha kusubu kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na tundu linapanuka na kuwa la yai. Dalili yake utaisikia kabla ya kuiona: mashua ikiwa imetia nanga, kila wimbi likipita unasikia mgongano ndani ya kasha. Ukikuta hivyo, usinunue pini nene zaidi kwa kubahatisha. Mpe fundi wa kukereza vyuma atoboe tundu liwe duara tena na aingize bushi ya shaba nyeusi. Waya nao, pitisha kitambaa juu yake. Kikinasa kwenye uzi hata mmoja uliokatika, badilisha waya wote pamoja na vishikizo vyake.

Kuutoa mkuku kunahitaji mashua iinuliwe kutoka kwenye trela na kukaa juu ya vigingi imara. Mkuku wenyewe uushushe kwa jeki mbili juu ya ubao wenye magurudumu. Usiingize hata mkono chini ya mkuku unaoshikiliwa na waya peke yake. Hapo sina mzaha. Kama huna vifaa wala watu wa kukusaidia, fanya sehemu unayoifikia ukiwa umeushusha nusu na kuuegemeza juu ya magogo. Si kamili, lakini inatosha kwa msimu.

Kusafisha sasa. Kupiga mchanga ndiyo njia bora kuliko zote, hasa kwenye vishimo, ila ukiwa na grinda yenye brashi ya waya, nyundo ndogo na patasi kuukuu, utafika. Vaa barakoa ya vumbi ya kweli na miwani, maana rangi za zamani za chini ya maji zina sumu. Gonga kwanza maganda yadondoke, ndipo usugue. Brashi ikianza juu ya ganda inaling'arisha tu na unadhani umefika kwenye chuma. Angalia pia sehemu zenye weusi laini unaochora kidole kama penseli. Hiyo ni grafiti, kaboni iliyobaki baada ya chuma kuliwa, na rangi haishiki pale. Kwangua mpaka ufikie kitu kigumu kinachong'aa.

Halafu kuna hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyokuletea malengelenge, naamini. Ndani ya vishimo kuna chumvi. Osha mkuku kwa maji matamu mengi, uache hadi kesho yake. Sehemu zitakazorudi rangi ya chungwa haraka kuliko nyingine ndizo bado zina chumvi. Osha tena, sugua tena. Ukifunika chumvi kwa rangi, inavuta unyevu kupitia rangi yenyewe na kuifurisha kutoka chini.

Baada ya msuguo wa mwisho usiende kula. Chuma kitupu kwenye hewa yenye unyevu kinaweza kushika kutu mpya ndani ya saa chache, kwa hiyo praima ya epoksi iwe imeshachanganywa karibu na mkono. Chagua siku kavu, na joto la chuma liwe angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Mkono wa kwanza wa praima usugue ndani ya vishimo kwa brashi ngumu. Kingo kali zilainishe kwa msasa na uzipe mkono wa ziada, kwa kuwa rangi hukimbia kwenye kingo. Endelea mikono minne au mitano, kila mmoja ukifuata wakati uliotangulia bado unanatanata. Ukichelewa ukakauka kabisa, osha kwa maji na upige msasa kwanza. Puti ya epoksi ya kujazia mashimo itumie kwa kipimo: pima nafasi iliyopo ndani ya kasha, vinginevyo utapata mkuku laini usioingia mahali pake.

Dawa ya kugeuza kutu sikushauri. Kwenye geti la nyumba sawa, lakini chini ya maji inaacha tabaka dhaifu kati ya chuma na epoksi, na yenye asidi isiposuuzwa vizuri epoksi haishiki. Jambo jingine: rangi nyingi za kuzuia viumbe vya majini zina shaba, nayo ikikutana na chuma kitupu majini inaharakisha chuma kuliwa. Epoksi ndiyo inayozitenganisha, kwa hiyo usiwe bahili nayo. Anodi je, kile kipande cha metali kinacholiwa badala ya chuma? Zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji matamu, na lazima iguse chuma kitupu. Ila inafanya kazi ikiwa majini tu, na mashua inayolala kwenye trela haipati faida kubwa.

Kilichobaki ni trela yenyewe. Zulia lililofunika boriti ya katikati linashika maji ya chumvi na kuyabandika kwenye mkuku wiki nzima. Mimi nimeling'oa nikaweka vipande vya mpira vyenye nafasi za maji kupita. Ukirudi kutoka baharini, ingiza mpira wa maji ndani ya kasha na usuuze. Ukishaipandisha mashua kwenye trela, mkuku uegemee boriti na waya ulegee kidogo, ili mashimo ya barabarani yasipige pini wala winchi.