Tiketi za sinagogi ni za sikukuu kuu tu

Je, lazima ulipe ili kuingia sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi? Hapana, ibada ya kawaida ya Sabato hailipiwi mlangoni. Tiketi unazozisikia kwenye masinagogi ya Marekani ni za Rosh Hashana (mwaka mpya wa Kiyahudi) na Yom Kippur (siku ya kufunga na kutubu), siku ambazo ukumbi hujaa hadi viti vya ziada. Sababu ya kutegemea tiketi na ada ni kwamba, kwa sheria ya Kiyahudi, Sabato na sikukuu mtu hashiki pesa, kwa hiyo hakuna kapu la sadaka linalopitishwa. Rabi, mlinzi na umeme vinalipwa na ada ya uanachama ya mwaka. Hata mchango wa usiku wa Kol Nidre, ibada inayofungua Yom Kippur, kwingi huahidiwa kwa kukunja kipande cha kadi penye kiasi unachotaka, maana kuandika nako kumekatazwa.

Kwa watoto: ibada fupi ya wadogo, nyimbo na hadithi kama nusu saa hivi, kwa kawaida ni bure na wageni wanakaribishwa. Shule ya Kiebrania ndiyo inayodai uanachama, na hapo wengi huchelewa. Bar mitzva, sherehe ya mvulana kuingia utu uzima wa kidini, ni miaka 13, lakini masinagogi mengi yanataka mtoto awe amesoma miaka kadhaa kabla. Ukimleta na miaka 12 utaambiwa usubiri au utafute mwalimu binafsi.

Ada ikikushinda, iambie ofisi mapema, kabla ya Septemba. Masinagogi mengi hupunguza bila maswali mengi. Vituo vya Chabad, harakati ya Wayahudi wa Kihasidi, kwa kawaida havidai uanachama kabisa. Ila jiandikishe kabla ya kwenda na beba kitambulisho, ulinzi mlangoni ni mkali.