Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe mmoja au mbuzi wawili?

SWALI: Tuna shamba la nusu eka huku Lushoto, na nyumba yetu ina watu sita. Hatutaki kuuza maziwa, tunataka tu kuacha kuyanunua. Mume wangu anapendelea ng'ombe mmoja chotara, lakini mama mkwe anasema mbuzi wa maziwa wanatutosha. Naomba ushauri.
Mama wa watoto wanne, Lushoto

JIBU: Mama, kwa eneo mlilonalo naungana na mama mkwe wako, ila kwa sharti moja: wawe majike wawili, na wasizae msimu mmoja.

Ng'ombe chotara wa kilo 400 hula takriban kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kila siku, na akiwa anakamuliwa hunywa ndoo tatu au nne za maji. Nusu eka hiyo hiyo ndiyo mnayoitegemea kwa mahindi, maharage na mboga, kwa hiyo kiangazi kitakapofika mtajikuta mnanunua majani ili msinunue maziwa. Mbuzi jike hutosheka na kilo 5 hivi, ambazo mnaweza kuzipata kwenye kingo za matuta mkipanda matete na miti ya malisho kama kaliandra na lukina, mradi lukina isizidi theluthi ya chakula chake. Wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru yenye miteremko kama yenu, walianza kufuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Tena ng'ombe mmoja akipatwa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, maziwa yote ya nyumba yamekwenda.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba hakuna mnyama anayekamuliwa mwaka mzima. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, na miezi miwili ya mwisho lazima akaushwe, yaani asikamuliwe, ili ajenge mwili na kiwele chake kipumzike. Mkimpandisha wa kwanza Oktoba atazaa Machi, na akilishwa vizuri mtamkamua hadi Oktoba. Wa pili akipandishwa Aprili atazaa Septemba na kukamuliwa hadi Aprili inayofuata. Hapo sufuria haikauki. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, akawa analialia na kutikisa mkia bila kutulia. Ndipo muazime dume kwa jirani. Msimfuge dume pamoja na majike, kwa sababu harufu yake huingia kwenye maziwa.

Banda liinuliwe kutoka ardhini, sakafu iwe ya mbao zenye nafasi ndogo za kupitisha kinyesi, ambacho kitawafaa sana bustanini. Kabla ya kukamua, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, ukikaushe, kisha matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi. Ukiona vibonge vyeupe vimebaki juu ya kitambaa, huo ni ugonjwa wa kiwele: maziwa hayo yasinywewe, na afisa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Maziwa mazuri nayo yachemshwe daima, hata kama ni ya mbuzi wenu wenyewe, kwa kuwa bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kupitia maziwa mabichi, haionekani kwa macho. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, waachieni watoto wa mbuzi, na wanyonye ndani ya saa chache za mwanzo.

Kuhusu ununuzi, nakusihi usidanganywe na umbo. Niliwahi kununua jike mwenye kiwele kikubwa cha kupendeza, nikafika naye nyumbani na kukuta chuchu moja imeziba kabisa. Kabla ya kutoa fedha, mwombe mwenye mbuzi akuruhusu umkamue kwa mkono wako mwenyewe, jioni na kesho yake asubuhi, chuchu zote mbili.